Darasa la Alasiri la Bi Zuhura

Mlipokuja kuniaga, ninyi mabinti mnaovaa kola siku hizi bila kuulizwa, mliniomba niwaandikie miaka yangu ya kazi. Mkasema vyeo niviache. Havikuwa vingi vya kuacha. Mchungaji mwanamke wa zama zangu alipandishwa cheo kwa kupewa kanisa lenye paa linalovuja kuliko la kwanza, kwa hiyo hapo tusipoteze wino. Nitaandika habari ya kuanza, ya vifaa, ya mtu aliyenifundisha, na ya jambo moja lililonikuta Mji wa Kale, Mombasa, katika miaka ya tisini, ambalo sijalisema madhabahuni hata siku moja. Nalisema kwenu kwa sababu mmoja wenu atalipokea darasa langu la Alhamisi, na si vizuri mtu apokee mzigo bila kuambiwa kilichomo.

Sikuanzia kisiwani. Nilianzia bara, vijiji vya nyuma ya Mazeras, kwenye makanisa ya udongo na makuti. Siku yangu ya kwanza niliwakuta watu wamekwisha kukaa. Walinisalimia vizuri, kisha wakaendelea kutazama njia. Nikaanzisha wimbo, wakauimba wakitazama njia. Nikasoma, nikahubiri, nikaomba. Nilipomaliza, mzee mmoja alisimama akanishukuru kwa kuwapunguzia adha ya kungoja, akauliza mchungaji mwenyewe atafika saa ngapi. Nikasema ndiye mimi. Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Pole, mwanangu," akasema. "Wamekutupia kazi ngumu."

Kola yangu ya kwanza niliikata kwenye chupa nyeupe ya dawa ya kufulia, maana za kununua zilikuwa za shingo za wanaume na mimi nilizama ndani yake. Chupa ilifaa sana, ila nikitoka jasho harufu ya dawa ilinipanda puani katikati ya mahubiri. Joho nilishonewa na fundi mmoja wa Kihindi pale Ndia Kuu, mtu wa adabu kupita kiasi. Alikuwa hajawahi kumshonea mwanamke joho, akaona aibu kunisogelea na utepe, akanipima kwa macho akiwa upande wa pili wa meza. Nilihubiri miaka mingi ndani ya joho ambalo tungeingia wawili na bado pangebaki nafasi ya mgeni. Juu ya hayo nilikuwa na raba za kupandia vilima, kanga ya kufungia kisanduku cha vikombe vya ushirika, na chupa ya chai. Vifaa vingine vyote mnavyoviona siku hizi tulikuwa hatuvijui, na watu waliokoka hivyo hivyo.

Aliyenifundisha kazi si chuo. Ni Mwalimu Danieli, mhubiri asiyelipwa, mkulima wa mihogo, mwenye sauti ya chini na masikio makubwa. Yeye ndiye aliyenifundisha darasa. Kwa msomaji asiye wa kwetu niseme kwamba darasa la Kimethodisti si la kusoma. Ni watu wachache wanaokutana kila juma. Kiongozi huwaita kwa majina, mmoja mmoja, na kila anayeitwa huulizwa mbele ya wenzake, "Moyo wako u hali gani?" Hujibu kwa kweli, akapewa neno la kumsaidia, kisha mwingine huitwa. Wote wakishajibu, kiongozi hutamka baraka, na darasa limefungwa.

Danieli alikuwa na masharti mawili tu. La kwanza, ukishauliza, nyamaza, hata kama kimya kinakuuma. La pili, usifunge darasa mtu akiwa hajajibu, wala usiondoke ukaliacha wazi. "Darasa lililoachwa wazi halilali," aliniambia siku moja tukimenya mihogo. Nikalichukua kama msemo wa wazee, nikacheka. Yeye hakucheka.

Baadaye nikahamishiwa kisiwani. Kanisa lilikuwa Majengo, chumba cha matofali kilichobanwa na nyumba za udongo, na nyumba ya kuishi nikapewa upande wa Mbaraki, ambako magari ya bandarini yalitikisa vikombe kabatini mchana kutwa. Washarika wangu walikuwa wapagazi, watu wa reli, mama wauza mchicha, na wasichana waliofanya kazi katika nyumba za wenyewe. Watu wema. Shida yangu ilikuwa moja na jina lake lilikuwa Mzee Eliakimu.

Mzee Eliakimu alikuwa mstaafu wa reli na mzee wa kanisa, mrefu, safi, mwenye sauti ya besi iliyoshikilia kwaya nzima. Kila nilipoitayarisha meza ya Bwana, alisimama, akainama kidogo kama mtu anayepita mbele ya wageni, akatoka nje. Alingoja penye pipa la maji ya mvua mpaka ushirika uishe, kisha akarudi ndani kuimba wimbo wa mwisho kwa nguvu zake zote. Hakutoa neno la ukorofi. Mimi aliniita "binti Naomi", neno mchungaji hakulitamka. Mwanzoni alitoka peke yake. Kisha akafuatwa na mwenziwe, na mwenziwe mwingine, hadi pale penye pipa pakawa na kanisa la pili. Iliniuma sana. Nilikuwa nimekata shauri moyoni kwamba mwaka ule ukiisha naacha kazi.

Ndipo asubuhi moja akaja mwanamke mtu mzima, amevaa buibui, akasimama mlangoni mwa kanisa bila kuvuka kizingiti.

"Subalkheri, mwalimu."

"Subalkheri, mama. Karibu ndani."

"Hapa hapa patosha, ahsante. Wewe ndiwe mchungaji mwanamke?"

"Ndimi."

"Alhamdulillahi. Nalidhani ni maneno ya watu."

Jina lake lilikuwa Bi Mwanaisha, na nyumba yao ilikuwa kwenye kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu. Alikuja kwa ajili ya mamake, Bi Zuhura, mkongwe asiyetoka tena kitandani.

"Mamangu yuwaita watu," akasema. "Kila siku, alasiri ikishaswaliwa. Yuwaita majina ya bara, moya moya, akisha hunyamaza kama asikizaye mtu. Maalim amekuya kumsomea, akatulia siku ile tu. Jamaa wakasema ni pepo, tukapeleka ubani na marashi kule Mbaraki, penye mnara wa pepo. Wapi! Akaya mganga, akasema huyu ni pepo wa Kinasara, tena wa kike, ataka mwalimu wa kike wa dini yake. Nikamwambia, hebu nitolee balaa, Wanasara wana wanaume watupu. Kisha kijakazi wetu wa jikoni akaniambia, Majengo yuko mwanamke avaa kola."

Nikataka kumkaribisha tena, akanizuia kwa mkono.

"Tusikizane kabla hujavaa viatu. Mamangu ni Mwislamu. Ameswali tangu nimjue, na atazikwa Kiislamu. Sikukwita umbatize. Nakwita umsikize. Hali chakula, wala halali. Yuwafika jina moya, hapo husimama. Huliita, huliita, mpaka magharibi. Amechoka mno, mwanangu. Na kufa pia hawezi."

Kwa desturi yetu, mambo ya pepo mchungaji huyapeleka kwanza kwa wazee wa kanisa. Wazee wa kanisa walikuwa penye pipa. Nikavaa viatu.

Kichochoro chao nilikijua, nilipita mara nyingi nikienda kwa fundi wangu wa joho. Sikuwahi kupita saa ile. Baraza zilikuwa tupu. Muuza kahawa, ambaye siku zote utamsikia kwa kugongesha vikombe kabla hujamwona, alipofika kwenye mlango wa ile nyumba aliviziba vikombe kwa kiganja, akapita kimya, kisha mbele kidogo akaanza tena kuvigonga. Hakunitazama.

Bi Zuhura alikuwa juu, kwenye chumba chenye dirisha la mbao na kitanda cha samadari kilichomfanya aonekane mdogo kama mtoto. Ukutani viti vilikuwa vimepangwa safu. Nikataka kukikalia kimoja, Bi Mwanaisha akanishika kiwiko. "Hivyo usivikalie. Kasema viwekwe, watu wakae." Tukakaa juu ya mkeka.

Adhana ya alasiri ikaita, Bi Mwanaisha akaenda chumba cha pili kuswali, akarudi. Hapo mkongwe akainuka mwenyewe. Akajikalisha sawa, akarekebisha kanga kichwani kama mtu anayekwenda mbele ya watu, akasema "Tuanze". Alisema kwa kikwetu. Sauti ile haikuwa ya mgonjwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika toka shamba hili hadi shamba la pili.

"Mwaka," akaita. "Moyo wako u hali gani?"

Kimya. Kimya chenyewe kilikuwa na kipimo. Ni kile cha mtu anayeeleza jambo na mwingine anasikiliza, nami nilikijua, maana ndicho nilichofundishwa na Danieli. Kisha akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema, "Mungu akushike mkono," na akaendelea. Nikajua papo hapo kwamba sikuitwa kwenye pepo. Niliitwa kwenye darasa.

"Sidi wa Mwero. Moyo wako u hali gani?"

Sidi wa Mwero alikuwa nyanya yangu mzaa mama. Alikufa nikiwa mtoto wa kubebwa kiunoni. Chumba kilijaa harufu ya udongo uliopigwa na mvua, na ilikuwa kaskazi, hakuna tone. Kimoja cha vile viti kikalia, mlio mfupi, kama kinavyolia kiti cha mtu anayehamisha uzito wake toka upande mmoja kwenda wa pili. Mkongwe akasikiliza, akasema kwa upole, "Pole na mguu, Sidi. Usiende mtoni peke yako."

Nyanya yangu alichechemea maisha yake yote. Wale walionieleza hayo walikuwa wamekwisha kufa wote.

Akaita wengine, na kwa kila mmoja aliitikia kwa kichwa. Mwisho akaita, "Chengo." Kimya hiki kilikuwa kingine. Hakuitikia kwa kichwa. Harufu ya mvua ikaondoka. "Chengo," akaita tena, na tena, kila mara kwa upole ule ule, mpaka jua likageuka rangi dirishani na adhana ya magharibi ikapanda. Hapo alijilaza, machozi yakamtoka. "Bado," akasema. "Hatujafunga."

Nikarudi asubuhi, kwa sababu Bi Mwanaisha aliniambia asubuhi mamake huwa mwenyewe. Kweli nilimkuta mtu mwingine, mcheshi, anayekula mkate wa mofa kwa kuchovya kwenye chai, Kimvita chake kimenyooka kama cha waliozaliwa hapo. Nilipomwambia kwetu ni wapi, aliweka kikombe chini.

"Jina langu la kule lilikuwa Mbeyu," akasema. "Wanaume walikuwa wamekwenda kazi za bandari, mhubiri alikuwa amekufa, na watu walikuwa wakizikana bila neno. Nikalishika mimi darasa. Nikaenda vijiji vyote, nikahubiri, watoto waliokuwa wakifa nikawabatiza kwa maji ya mtungi. Hakuna aliyenituma. Nani angenituma? Akisha akaya mwanamume, ametumwa rasmi, na viatu vyeusi. Akaingia katikati ya darasa, akaniambia keti. Nikaketi."

"Ukakasirika?"

"Si kwa kutolewa. Mtu hutolewa. Nalikasirika kwa kuwa sikuachwa nikafunga." Akafuta midomo kwa ncha ya kanga. "Nikaya mjini, nikafanya kazi kwa watu, nikaolewa, nikasilimu kwa moyo wangu. Dini yangu naipenda, mwanangu, usinifahamu vibaya. Lakini kazi ile naliiwata wazi, haikufungwa."

Nikamwuliza kama anajua kwamba huita majina. Akasema hajui. Anaambiwa tu.

Mnapaswa kujua kwamba nilipowekewa mikono ya uchungaji, niliandaliwa keki, na kwenye keki nikaitwa mwanamke wa kwanza wa vijiji vile. Keki niliila. Asubuhi ile, juu ya mkeka wa Bi Mwanaisha, nikafahamu kwamba nilikuwa wa pili, tena nimechelewa kwa umri mzima wa mtu. Nilitoka pale nimeshikwa na hasira ambayo sikujua nimpelekee nani.

Alasiri ya pili nikafanya ujanja ambao mtu wa kwetu tu anaweza kuharibikiwa nao. Nilijiambia, mkongwe anahitaji jibu, nitamjibu mimi kwa niaba ya huyo Chengo, alale. Alipoita "Chengo" nikafungua mdomo. Lakini ulimi una malezi yake. Tangu utotoni nimechapwa nijue kwamba mwanamke akiitwa huitika labeka, na mwanamume naam, na kabla sijawaza nikawa nimekwisha kuitika, "Labeka."

Mkongwe akafumbua macho. "Huyo ni mwanamke," akasema. "Chengo ni mwanamume, huitika naam." Kisha akageuza uso taratibu mpaka ukanikuta nilipokaa. "Kadzo, zamu yako bado. Kaa."

Mjini mimi nilikuwa Naomi. Jina la Kadzo hakuna aliyekuwa amelitamka katika nyumba ile.

Habari hazilali Mombasa. Siku iliyofuata Mzee Eliakimu alibisha hodi kwangu Mbaraki, kofia mkononi. Nikamkaribisha, nikamtilia chai. Alizunguka kwanza kwa hali ya hewa na hali ya paa, kisha akafika.

"Binti Naomi, tumesikia umekwenda kwa pepo kule Mji wa Kale. Tena nyumba ya Waislamu. Wazee wameniambia nije nikuulize."

"Si pepo, mzee. Ni darasa. Kuna mkongwe aliyelishika zamani huko kwetu, hakuachwa alifunge, na sasa amekwama kwa mtu mmoja. Anaitwa Chengo."

Kikombe kikagonga kisahani. "Nani amekutajia jina hilo?"

"Yeye mwenyewe. Kila alasiri analiita."

Lori likapita, vikombe vikatikisika kabatini, vikatulia.

"Ni mimi," akasema. "Hilo ndilo jina nililopewa na baba. Nilikuwa mtoto, nimekaa karibu na mama yangu. Siku ile ndiyo ningeitwa mara ya kwanza, kama mtu mkubwa. Nilikuwa tayari na neno langu mdomoni. Akataja jina langu, na yule bwana akaingia." Akafuta uso kwa kitambaa. "Sasa nitakwambia jambo, na usinicheke. Naitwa. Miezi hii yote. Nikiwa nimekaa kibarazani kwangu Majengo, alasiri, mchana kweupe, sauti ya mwanamke inaniita jina ambalo hata marehemu mke wangu hakulijua. Nikigeuka hakuna mtu."

"Ukaitika?"

"Wewe wajua tulivyolelewa! Ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Anayeitika hufuatana na mwitaji. Nimekaza meno mpaka taya zimeuma." Akanitazama usoni, nadhani mara ya kwanza tangu nifike kisiwani. "Na ukisimama pale mezani kwako ukasema 'njoni', naisikia humo humo ndani ya sauti yako. Ndiyo sababu natoka."

"Kumbe si kwa kuwa mimi ni mwanamke?"

"Kwa hilo pia," akasema. Alikuwa mtu mkweli.

Nilimhurumia sana. Mtu mzima wa miraba minne, aliyezoea kusikia vyuma vya reli vikigongana, alikuwa anaogopa kuitwa jina lake. Nikamwambia, "Mzee, sheria yasema usimwitikie usiyemwona. Basi usiitike ukiwa Majengo. Twende ukamwitikie ukimwona." Alifikiri, akatafuta tundu katika hilo, hakulipata. Akavaa kofia.

Tulikwenda kwa miguu. Bi Mwanaisha alitupokea chini, nikamwambia Chengo ndiye huyu, na hapo likazuka jambo ambalo mimi na theolojia yangu yote sikulitarajia. Mwanamume wa kando hawezi kuingia tu chumbani kwa mamake. Bi Mwanaisha akafunga pazia la kanga kukata chumba, mkongwe huku, sisi huku pamoja na viti. Nikataka kusema, lakini nyumba si yangu.

Alasiri ikaswaliwa. "Tuanze," ikasema sauti nyuma ya pazia, na nikamwona Mzee Eliakimu amekuwa wa rangi ya majivu. Majina yakaitwa. Harufu ya mvua ikaja. Viti vikalia kimoja kimoja mbele ya macho yetu, na hakuna aliyevikalia. Nyanya yangu akapewa pole ya mguu. Kisha:

"Chengo."

Mzee akafumba mdomo kwa mkono.

"Chengo."

"Simwoni," akaninong'oneza, machozi yakimchuruzika juu ya vidole. "Binti Naomi, simwoni. Siwezi."

Nilimtazama Bi Mwanaisha. Hakuhitaji kuelezwa, naye ni mtoto wa pwani, amelelewa kwa katazo hilo hilo. Alisimama akalishika pazia, akasita. Nikamsikia akisema peke yake, "Mkongwe sheria yamlegezea. Na mtoto wa darasa la mamangu ni ndugu yangu." Akalivuta.

Mkongwe alikuwa amekaa wima, anatazama pale pale alipokaa mzee.

"Chengo."

"Naam, mama."

"Moyo wako u hali gani?"

Nilidhani atasema lile neno alilokuwa nalo mdomoni utotoni. Hakulisema. "Naogopa, mama," akasema, na ile besi yake ilikuwa imekatika. "Nimeogopa tangu siku ile."

"Najua," akasema Bi Zuhura. "Ndiyo maana sikukuruka."

Yule mzee alilia kama anavyolia mtu aliyefika nyumbani akakuta chakula kimewekwa. Mkongwe alimngoja amalize. Hakuwa na haraka, alikuwa amekwisha kungoja kupita hapo. Kisha akageuka kwangu.

"Kadzo."

"Labeka."

"Moyo wako u hali gani?"

Ningeweza kusema salama, kama tunavyosema sote. "Umechoka, mama. Nataka kuacha."

"Choka," akasema. "Lakini usiwate wazi."

Kisha akainua mkono, akatamka baraka, ile ile ninayoitamka mimi, kwa kikwetu, mpaka mwisho. Alipofika amina, viti vyote vililia kwa pamoja, kama watu wanapoinuka. Tulisikia ngazi za mbao zikilalamika toka juu hadi chini, hatua za watu wengi wasio na haraka, mmoja wao akichechemea. Mlango wa chini haukufunguliwa. Baadaye nilimwuliza muuza kahawa, akaniambia alijibana ukutani kuwapisha watu, kisha akajiuliza anampisha nani.

Bi Zuhura akaomba maji, akaomba na mkate. Magharibi aliiswali akiwa amelala. Aliishi siku chache nyingine, anakula, analala alasiri kama watu, kisha akafa kimya asubuhi, Kalima mdomoni. Alizikwa Kiislamu kama ilivyokubaliwa. Mimi nilikaa na wanawake ndani, karibu na Bi Mwanaisha, na hakuna aliyeniuliza nimekuja kwa kazi gani.

Jumapili ya ushirika nilipoita "njoni", Mzee Eliakimu alibaki ndani. Wale wengine walitoka hadi penye pipa, wakaangaliana, wakarudi mmoja mmoja. Yeye alikuja wa mwisho kabisa. Nilipomwekea mkate mkononi, mahali ambapo watu husema amina, alisema, "Naam." Hakuniita mchungaji hata baada ya hapo, na mimi sikudai.

Mwaka ulipoisha sikuacha kazi. Nilianzisha darasa la Alhamisi, alasiri, na mzee akakaa humo mpaka alipofariki. Hilo ndilo darasa mmoja wenu atakalolipokea.

Sasa sikiliza, wewe utakayelishika. Majina nimekufundisha kwa mdomo, kwa mpangilio wake. Ukimfikia Chengo, mwite. Najua amekufa, nilimzika mimi. Mwite hivyo hivyo, kisha nyamaza kadiri ya mtu kujibu. Mara nyingi hutasikia kitu. Mara nyingine kiti chake kitalia. Na zimekuwapo alasiri ambapo darasa zima lilisikia naam, ya besi, na hakuna aliyegeuza shingo. Usikemee, wala usianze kuomba kwa kelele. Muulize moyo wake u hali gani, umpe nafasi, uendelee na anayefuata. Kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Mimi sijambo, ila sukari kidogo na magoti. Lakini siku nitakapoondoka, msiliondoe jina langu. Liwekeni mwisho, alikoniweka Bi Zuhura. Mniite Kadzo, si Naomi, na mniite mkiwa pamoja, mnaonana nyuso, ili asiwepo wa kuogopa. Mkisikia labeka, niulizeni. Mkishanisikia, fungeni.